Ngome Isiyo na Nzi

Siku Mwalimu aliponyoosha mkono na kusema, "Papa Asteria, unipatie ile foto ya bibi yako, minataka kumuchora," nilipaswa kumjibu hapana. Jibu lilikuwa mdomoni. Picha ya mke wangu ilikuwa katika mfuko wa shati langu, ndani ya bahasha ya kaki, na ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yangu ya fremu hapa Kensington, Johannesburg, kulikuwa na duka la kutoa nakala. Nilimwambia angoje nivuke nikatoe nakala. Akatikisa kichwa. "Foto ya foto inakufa macho," akasema. "Unipatie mama mwenyewe." Duka lilikuwa wazi, nilimwona mwenye duka mlangoni akinywa chai. Sikwenda. Nilitoa bahasha nikampa.

Wote tulimwita Mwalimu, hata waliomdharau. Aliwahi kufundisha kuchora katika shule ya mabruda huko Lubumbashi, na alipofika Johannesburg cheo kilimfuata. Alikodi chumba cha nyuma cha karakana yangu. Mimi nilitengeneza fremu, yeye alichora vya kuweka ndani yake, na tuliishi hivyo miaka mingi tukitenganishwa na ukuta wa mbao.

Sijapata kumjua mtu mchafu kuliko yeye. Alilamba brashi ili zichongoke, kwa hiyo nyufa za midomo yake zilikuwa na rangi ya bluu isiyotoka. Alikula dagaa wa kopo kwa kisu kile kile cha kukorogea rangi, akakipangusa kwenye suruali, akaendelea na kazi. Gundi yake aliichemsha mwenyewe kutokana na vipande vya ngozi ya ng'ombe, katika sufuria ambayo siku nyingine alipashia maharage, na harufu yake iliingia kwenye mbao zangu, kwenye nguo zangu, hata kwenye mkate. Mteja mmoja aliniuliza kama kuna panya aliyekufa dukani. Nilimwambia yuko, na tunamtafuta. Kucha zake sitazieleza. Alipotaka kujua kama vanishi imekauka aliitemea mate, akainama, akayatazama mate yanavyoteleza, akayafuta kwa kiganja.

Na kazi iliyotoka katika chumba hicho ilikuwa safi kupita kiasi. Alichora kitu kimoja maisha yake yote: Ulaya ya zama za kati, wapiganaji waliovaa chuma toka utosini hadi kidoleni, malkia, watawa, ngome za mawe. Wapiganaji hao aliwaita mashevalie. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Ulaya. Aliwapata katika kitabu kikubwa cha picha alichopewa na mabruda, kitabu kilichopoteza majalada yote mawili, chenye picha zilizochorwa na Wafaransa wa karne ya kumi na tisa. Hao nao hawakuwahi kumwona shevalie hata mmoja, maana mashevalie walikuwa wamekwisha kuoza mamia ya miaka kabla yao. Mtindo huo aliuita trubaduri, na alilitamka neno polepole kama mtu anayeonja mchuzi.

Ukiona moja umeziona zote. Chumba cha mawe, dirisha la vioo vya rangi, mwanga unaingia kutoka kushoto. Mwanamke amekaa na kitabu. Shevalie amepiga goti, vazi lake la chuma linang'aa kama sufuria ambayo haijapikiwa. Miguuni mbwa mweupe ambaye hakuwahi kula uchafu. Mashavu ya watu wote ni ya waridi, laini kama soseji iliyomenywa. Huoni mahali brashi ilipopita. Uso wa ubao ni kioo, ni kitu kilicholambwa. Zamani niliona huo ndio ufundi. Sasa nikiona picha ya namna hiyo, hata kwenye kalenda, naigeuza iangalie ukuta.

Siku moja nilikuwa napima ubao mmoja wa karamu: meza ndefu, wageni, farasi wameingizwa mpaka ndani ya ukumbi. Nikamwuliza, "Mwalimu, watu wote hawa, na farasi, na nyama mezani. Nzi wako wapi?"

"Nzi hawakualikwa, Papa Asteria."

"Na choo?"

"Choo iko nyuma ya fremu. Njo maana tunakulipa weye."

Tulicheka sana. Nakiri nilicheka.

Alikuwa na maelezo yake kuhusu wale Wafaransa, na aliyatoa kwa yeyote aliyesimama dukani zaidi ya dakika chache. "Kule, batu balikata mufalme yabo kichwa," alisema. "Balivunja makanisa. Balitoa mifupa ya bafalme ku makaburi, balitupa mu shimo. Kisha batoto yabo bakakuwa bakubwa, bakaanza kuchora. Unafikiri balichora nini? Damu? Hapana. Balichora malkia anasoma kitabu. Balichora kaburi nzima, nzuri, na maua juu."

"Kwa nini?"

"Ju mutu anachoka na kweli. Akirudi ku nyumba, anataka kiti."

Siku moja nilimjibu kwamba labda watoto hao walichora malkia ili wasiwaulize baba zao walifanya nini na nyundo zile. Alitoa brashi mdomoni. "Weye uko seremala," akasema. "Utengeneze fremu." Nikatengeneza fremu.

Wateja hawakukosekana. Aligundua mapema kwamba Mswahili wa Johannesburg hatanunua malkia asiyemjua, lakini atamnunua malkia mwenye sura yake. Watu walileta picha zao, yeye akawavisha. Mkenya mmoja wa benki, mzee wa kanisa, mwenye fleti huko Randburg, alikuja na mkewe wakasimama katikati ya maranda yangu ya mbao.

"Sasa Mwalimu, hii tumbo itaenda wapi kwa hizo chuma?"

"Chuma inaficha yote, bwana."

"Na mama atakuwa amesimama?"

"Pale ku dirisha."

"Sawa, lakini usimfanye mrefu kuliko mimi, tutakosana nyumbani."

"Tumekosana tayari," mkewe akasema. "Mwalimu, mpe farasi apande, labda atanifikia."

Msusi mmoja kutoka Bukavu alikataa kofia ndefu iliyochongoka ya mabibi wa ngomeni. "Inafunika misuko yangu yote. Sasa nitaitangaza kazi yangu kwa nini, kwa kitabu?" Mwalimu akashusha misuko chini ya shela mpaka kiunoni, na picha ile ikatundikwa saluni, na wanawake wakawa wanaingia wakisema nifanyie kama ya malkia.

Wote walitoka weupe kuliko walivyoingia. Mtu wa benki aliuliza mbona amekuwa rangi ya chai yenye maziwa mengi. "Ni mwanga ya dirisha," Mwalimu akamwambia. Yule bwana akakubali haraka mno, na mkewe akatazama pembeni. Mimi pia nilitazama pembeni. Nilikuwa nashikilia fremu.

Nyuso zilifanana na wenyewe kwa namna ya kushangaza. Mikono alichora vibaya, magoti vibaya zaidi, lakini sura hakukosea hata moja. Na hapa lipo jambo ambalo mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kulielewa. Kabla ya kutia ubao kwenye fremu ninaufuta kwa kitambaa, na vidole hupita juu yake. Kila mara, kuzunguka uso, nilihisi ukingo mwembamba chini ya vanishi, kama mwiba uliosahauliwa chini ya ngozi. Niliuhisi kwa yule bwana wa benki. Niliuhisi kwa msusi. Nilijiambia ni vanishi imerundikana. Wateja walikuwa wameleta karatasi zilizochapwa kutoka kwenye simu zao, na hakuna aliyerudi kuziulizia. Mimi nilikuwa na vidole na nilikuwa na mdomo, na sikuuliza.

Nisije nikamfanya shetani. Jumamosi alifundisha kuchora watoto wa mtaa bure, pale uani, na kabla ya somo alikwenda spaza, kiduka cha mtaani, akanunua mikate akaigawa yote, kisha yeye akakaa na njaa mpaka jioni akisingizia kufunga. Mlinzi wa jengo la jirani alipougua, Mwalimu ndiye aliyemfulia nguo, yeye asiyefua zake. Alikuwa na huruma ya kweli ilimradi asione kilicholeta shida. Mtoto mmoja alitokwa damu puani katikati ya somo, na Mwalimu akaanguka chini kabla ya mtoto. Pale kwenye robot, taa za njia panda, mbwa alipogongwa, alizunguka mtaa mzima ili asipite hapo, na alizunguka hivyo hivyo kesho yake na keshokutwa, wakati mbwa alikuwa ameshaondolewa.

Mgongoni alikuwa na kovu. Nililiona siku anaoga kwenye bomba la uani: lilitoka bega moja likashuka mpaka ubavu wa pili, pana, limevimba, linang'aa. Nikamwuliza limetokana na nini.

"Nilianguka ku muti."

Hakuna mti unaomwangusha mtu hivyo. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeaga, akavaa shati kabla hajajifuta, na shati likamganda mgongoni.

Wakati huo mimi, mke wangu na binti yetu Asteria tuliishi kitongoji cha Alexandra, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mwenye nyumba. Mke wangu, Mama Asteria, alikuwa fundi cherehani, mtu wa Fizi, mashariki ya Kongo. Asteria alikuwa bado hajaacha kunyonya. Ile Mei wenyeji walipokuja kutufukuza sisi wageni, walikuja jioni wakipandisha mtaa na mienge ya matairi na fito, wakiimba. Tulitoka kwa mlango wa nyuma na nguo tulizovaa. Mama Asteria aligeuka mara moja akamwona jirani aliyekuwa akianika nguo naye kwenye kamba moja, amebeba cherehani yetu kichwani, anacheka. Kisha chumba kikawaka. Ndani yake liliungua sanduku lenye hati zake za kusafiria, cheti cha ndoa na picha zetu zote. Kwao Fizi hapakuwa na picha ya kuomba. Nyumba ya wazazi wake ilichomwa na watu wengine, kabla ya yetu.

Picha moja ilisalia kwa sababu nilikuwa nimeipeleka karakana niitafutie fremu. Ilipigwa studio. Amevaa blauzi ya kitenge yenye kola ya mviringo, hereni za duara, na nyuma yake pazia jekundu.

Serikali ilitupigia mahema kwenye uwanja mmoja kando ya barabara kuu. Mwalimu alikuja kila siku. Alibeba sufuria yake ya maharage, na maharage yalinuka gundi, na tulikula. Siku moja Mama Asteria alianza kumsimulia. Alieleza mienge, alieleza nyimbo, akafika kwa jirani na cherehani. Mwalimu akainuka. "Mama," akasema, "uangalie mahema hizi, vile zinakuwa bluu jioni. Ni kama velure ya nguo ya malkia." Akatoka nje, akasimama akizitazama.

Mke wangu alifunika sufuria. Halafu akaniambia, "Huyu mzee wako ana masikio ya pambo."

Baridi ya Juni ilimkuta mke wangu humo hemani, ikaingia kifuani. Alifia hospitali. Nilimwona siku ya mwisho: mrija puani, uso umevimba, midomo imepasuka na kukauka utando mweupe pembeni. Nilitoka pale nikiwa na sura hiyo machoni, na ilikaa. Nikila, ipo. Nikiranda mbao, ipo. Ndiyo sababu Mwalimu aliponyoosha mkono, nilimpa picha. Nilitaka mtu amwoshe. Nilijua jinsi atakavyomwosha. Nilikuwa nimeweka fremu kwenye kazi zake miaka yote hiyo. Sikudanganywa.

Aliifanya kazi ile muda mrefu kuliko zote, na mlango wake akaufunga. Siku aliyoufungua alikuwa amevaa shati safi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Alimsimamisha dirishani. Gauni la zambarau lenye manyoya kwenye mikono, kofia iliyochongoka, shela. Vidole virefu vyeupe juu ya kitabu, yeye ambaye vidole vyake vilikuwa na matundu ya sindano. Ngozi, chai na maziwa. Pua imepunguzwa kidogo pande zote mbili. Na dirisha lilikuwa wazi, na nje kulikuwa na njia inayopanda kilima kuja ngomeni, na katika njia hiyo watu wadogo wadogo, wengi, wanapandisha na mishumaa.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Ni majirani. Banamuletea maua."

Nikainama. Ni kweli, mkono mmoja mshumaa, mkono mwingine maua. Mbele yao alitembea mwanamke amebeba kitu kichwani. Kilikuwa kisanduku cha dhahabu. Mwanamke yule anacheka.

Alikuwa amesikia kila neno kule hemani. Hakupoteza hata moja. Aliyachukua yote akayaosha, mienge, nyimbo, cherehani, akampa mke wangu kama zawadi akiwa ameshakufa.

Mtu mwenye akili angeuvunja ubao ule gotini. Mimi nililia, nikamshika Mwalimu mikono yote miwili, zile kucha, nikamwambia asante. Sikuidai picha ya studio. Niliona nina kubwa kuliko ile.

Na niliipenda. Hilo ndilo linalonichefua zaidi ya maharage yake na mate yake. Niliitengenezea fremu bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nikaitundika juu ya meza ya chakula, na wageni wakija nilisogeza kiti ili waione vizuri. Ule uso wa hospitali ukaanza kufifia, nami nikafurahi ukififia. Asteria alipokua nilimwonyesha kwa kidole: yule ni mama yako. Alipoanza shule waliambiwa wachore familia, akamchora mama mwenye kofia iliyochongoka, na mwalimu wake akaniita kuniuliza kwa upole kama mke wangu hufanya kazi ya sarakasi. Nilisimulia hadithi hiyo kwa miaka kama kichekesho.

Macho ya Mwalimu yalipokwisha, parokia ilimpatia kitanda katika nyumba ya wazee. Chumba cha nyuma nilikipaka chokaa. Harufu haikutoka.

Asteria sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ofisini Randburg. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake hapa nayaandika mimi. Mwaka huu amejifungua mtoto wa kike. Alikuja nyumbani akamweka mtoto mapajani mwangu.

"Baba, kila mtu anasema hafanani na mimi, hafanani na baba yake. Anafanana na mama?"

Nilimtazama mtoto. Nikainua macho nikatazama ukutani. Nikamtazama mtoto tena. Nikafungua mdomo.

"Siyo huyo," Asteria akasema. "Huyo hafanani na mtu. Nataka picha ya kweli. Eish, Baba, ipo, si uliniambia ilikuwepo?"

Tuliufunga ubao katika blanketi tukaenda kwa Mwalimu, mimi, Asteria na mtoto. Alikuwa amekaa kitandani, amenyolewa, ameogeshwa na masista. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona msafi, na alionekana mdogo. Alinitambua kwa kikohozi.

"Papa Asteria. Uko na nani?"

"Na Asteria mwenyewe. Na mjukuu."

"Ah, mutoto ya Mama Asteria. Karibu, mama."

Nilimwuliza picha ya studio iko wapi. Hakusita wala hakuona haya; alijibu kama fundi aliyeulizwa aina ya gundi.

"Iko mu kazi. Si uko nayo? Foto minaibandika ku ubao, kisha minapaka rangi juu. Njo maana sura hazikosee. Weye ulikuwa unashika zile tableau, zile picha zangu, kila siku, nilizania unajua."

Nilivitazama vidole vyangu. Asteria alijibu. "Basi itoe."

"Inawezekana," akasema, na uso wake ukachangamka kwa kupata kazi. "Munipatie tapentini na pamba. Na wembe."

Nilikwenda kununua. Niliporudi alikuwa na ubao mapajani, mtoto amelala kando yake kitandani. Alifanya kwa kugusa. Alilowanisha pamba, akazungusha, akazungusha, na mimi nikamwongoza: kushoto kidogo, hapo, shuka. Ilitoka kofia. Ilitoka shela. Vanishi ikavimba ikawa kama kamasi, akaikwangua kwa wembe akaipaka kwenye shuka la masista. Kola ya mviringo ikajitokeza, kitenge, rangi zake halisi, na Asteria akaweka mkono mdomoni. Ikatokea hereni. Likatokea sikio. Kipande cha pazia jekundu.

Kisha shavu la rangi ya chai likayeyuka, na chini yake palikuwa peupe. Akasogea katikati. Peupe. Mahali pa macho, pa pua, pa mdomo, karatasi nyeupe yenye manyoya manyoya, kama kitu kilichotafunwa.

"Acha," nikamwambia. "Hakuna kitu. Kwa nini hakuna kitu?"

Akapapasa kwa kidole. "Ah, ndiyo. Ile karatasi ya foto inateleza, rangi haishike. Ni lazima usugue kwanza na musasa. Pale ku sura, ju pale njo kunapakwa rangi mingi."

Alimsugua kwa msasa. Alisema hivyo huku akitafuta kitambaa cha kupangusia mikono.

Asteria alipiga magoti mbele yake, karibu kabisa. "Lakini wewe ulimwangalia," akasema, na safari hii alijitahidi kwa Kiswahili chake kilichovunjika ili mzee amwelewe. "Ulikaa na foto siku mingi. Ulimwona hema. Niambie. Alikuwa namna gani?"

Mwalimu aligeuza uso upande wa sauti. Alifikiri. Niliona kwamba anatafuta kweli, kwamba anataka kumpa.

"Alikuwa muzuri," akasema.

"Mzuri namna gani?"

"Muzuri, mama. Kama bote."

Mtoto akaamka akalia. Mwalimu akanyoosha mkono amguse shavu, mkono wenye tapentini na uji wa vanishi, na Asteria akamnyakua mtoto na kutoka naye nje. Mzee akabaki na mkono hewani. "Amekasirika?" akaniuliza. "Kwani haikukuwa nzuri, Papa Asteria? Nilimutengeneza muzuri." Nilifunga ubao katika blanketi. Pale dirishani kwenye ubao, watu wadogo walikuwa bado wanapandisha kilima na maua yao. Huko hakukuwa kumeguswa.

Sijarudi kwake. Masista wamenipigia simu wakisema ananiulizia, na nimewaambia nitakuja.

Nimebaki na sikio, hereni na kola. Nimevikata kwenye ubao nikavitia fremu ndogo, na Asteria hakuitaka. Jioni hufumba macho nimtafute mke wangu. Anakuja yule bibi wa dirishani, pua nyembamba, kitabu mkononi. Namfukuza, nautafuta hata ule uso wa hospitali, uliovimba, wenye mrija, ule niliotaka uoshwe. Haupo. Nimeishi na mwanamke, nimezaa naye, na sura yake siijui tena. Mjukuu wangu anafanana na mtu, na mimi ndiye pekee niliyebaki ambaye ningeweza kusema ni nani, na siwezi. Hicho ndicho nilichompa Mwalimu siku ile katika bahasha ya kaki.